Utunzaji wa Nyumba Kuukuu za Kupangisha Mjini Nakuru

Wahenga walisema kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta. Methali hii hutumiwa kwa mambo mengi ya dunia, lakini katika mji wa Nakuru yafaa kuchukuliwa kwa maana yake ya asili, yaani ufa wenyewe wa ukuta wa nyumba. Wako watu wengi katika mji huu na katika miji ya jirani, kama vile Naivasha, Gilgil, Njoro, Elburgon na Molo, ambao riziki yao hutoka katika kodi za nyumba zilizojengwa miaka 50 au 60 iliyopita. Wengine walizinunua kwa akiba ya kazi ya maisha yao yote, na wengine walizirithi kwa wazazi wao. Na wako watu wengi zaidi wanaolala katika nyumba hizo kila usiku pamoja na watoto wao. Nyumba hizo zikiachwa ziharibike, mwenye nyumba hupoteza mali yake, na mpangaji huweza kupoteza afya yake, au hata uhai wake. Kwa sababu hiyo yawapasa wote wawili kujua jinsi nyumba kuukuu inavyoharibika, matengenezo yaanzie wapi, na nani alipe nini.

ASILI YA NYUMBA HIZI

Reli ya Uganda ilifika Nakuru mwaka 1900, na mji ukakua kando ya reli hiyo. Nyumba kuukuu zilizopo leo ni za namna tatu. Kwanza ni majengo ya mawe katika barabara kuu za mji, yenye maduka mbele na vyumba vya kulala nyuma. Pili ni nyumba za wafanyakazi zilizojengwa na shirika la reli na baraza la mji, kama zile za Bondeni, Kaloleni, Kivumbini, Flamingo na Shauri Yako. Zile zilizokuwa za baraza la mji zilikuja kuwa chini ya Serikali ya Kaunti baada ya mabadiliko ya mwaka 2013. Tatu ni nyumba za watu binafsi, hasa zile zilizojengwa baada ya Uhuru wa mwaka 1963, ambazo ni safu za vyumba vilivyozunguka ua mmoja, wapangaji wakishiriki bomba moja la maji na choo kimoja. Watu huziita ploti. Huko Molo na Elburgon, katika nchi ya misitu na viwanda vya mbao, nyingi za namna hii ni za mabanzi.

Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba mji wa Nakuru una watu zaidi ya 570,000, na tarehe 1 Desemba 2021 mji huu ulipewa hati ya kuwa jiji la nne la Kenya. Watu wote hao hawawezi kukaa katika majumba mapya. Kwa hiyo nyumba kuukuu zina kazi kubwa bado, nazo hazistahili kudharauliwa. Nyumba ya mawe iliyojengwa vizuri huweza kudumu miaka mia na zaidi, mradi itunzwe.

MAJI NDIYO ADUI WA KWANZA

Jina la Nakuru latokana na neno la Kimasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Jina hilo ni la kweli hata leo, nalo lamfunza mwenye nyumba jambo kubwa. Udongo wa hapa ni majivu na mawe mepesi yaliyotupwa na milima ya moto ya zamani, kama Menengai, pamoja na matope makavu ya ziwa ambalo hapo kale lilikuwa kubwa kuliko lilivyo sasa. Udongo wa namna hii ukiwa mkavu hubeba nyumba bila taabu. Lakini maji yakiingia ndani yake kwa wingi, punje zake nyepesi huchukuliwa na maji, hubaki uwazi chini ya ardhi, na baadaye ardhi ya juu hudidimia. Tena chini ya udongo huo kuna nyufa za kale za Bonde la Ufa, zinazoelekea kaskazini na kusini, na maji hupenda kufuata njia hizo.

Mara nyingi wakati wa mvua kubwa ardhi imezama katika sehemu mbalimbali za mji, ikaharibu barabara na nyumba. Mwezi wa Machi mwaka 2018 watu wengi walistaajabu kuona barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok imekatwa na ufa mkubwa karibu na Suswa. Wataalamu wengi walieleza kwamba mvua ilikuwa imeyasukuma nje majivu yaliyojaza ufa wa zamani. Jambo lililoonekana pale kwa ukubwa huweza kutokea kwa udogo chini ya msingi wa nyumba yoyote ya Nakuru, wala halihitaji mvua kubwa. Bomba linalovuja kidogo kidogo kando ya ukuta kwa miaka 10 huweza kufanya kazi hiyo hiyo.

Basi mwenye nyumba akiwa na fedha kidogo, asianze na rangi, wala vigae, wala mlango wa chuma wenye maua. Aanze na kuzuia maji. Huo ndio msingi wa mashauri yote yatakayofuata.

PAA NA MIFEREJI YAKE

Bati haliozi lote kwa siku moja. Aghalabu huanza kuoza penye misumari, kwa sababu kipande cha mpira kilicho chini ya kofia ya msumari hukauka na kupasuka kwa jua, na maji hupenya hapo. Fundi apande ngazi kila mwaka, mwezi wa Januari au Februari, kabla ya mvua ya masika. Aikaze misumari iliyolegea, abadilishe iliyooza, na auangalie mgongo wa paa na mahali ambapo paa hukutana na ukuta. Kisha aingie darini na taa aitazame mbao ya kenchi. Mbao iliyobadilika rangi imelowa; mbao inayotobolewa na kisu bila nguvu imekwisha, nayo sharti iondolewe. Kupiga bati jipya juu ya mbao mbovu ni kutupa fedha.

Mifereji ya paa, ambayo mafundi huiita gata, husahauliwa sana. Nakuru ni mji wa vumbi, nalo vumbi likichanganyika na majani huziba gata katika msimu mmoja. Maji yakikosa njia hufurika juu ya ukuta, yakateremka hadi msingini. Kuzisafisha gata ni kazi ya asubuhi moja, nayo huweza kuokoa ukuta mzima.

Kuna faida nyingine. Maji ya visima virefu katika sehemu nyingi za Nakuru na Bonde la Ufa yana madini ya floridi kupita kiasi, ndiyo yanayoyatia meno ya watoto rangi ya kahawia, na yakizidi sana huharibu hata mifupa. Maji ya mvua hayana floridi nyingi. Mwenye nyumba anayetengeneza gata zake na kuziunganisha na tangi safi lenye kifuniko huwapa wapangaji wake maji yaliyo bora kwa jambo hilo, ingawa yapasa kuchemshwa kabla ya kunywewa.

Lakini paa la asbesto ni shauri jingine. Zamani mabati hayo ya saruji na nyuzi za asbesto yalisifiwa kwa kutooza, na baadhi ya nyumba kuukuu bado zinayo. Nyuzi zake zikivutwa pamoja na pumzi huleta saratani na maradhi mengine ya mapafu, ambayo huonekana baada ya miaka mingi. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 ziliweka asbesto katika takataka za hatari. Paa la namna hii lisikatwe kwa msumeno, lisitobolewe, lisisuguliwe, wala vipande vyake visitumiwe kujengea banda la kuku. Maji yake yasikingwe kwa kunywa. Likivunjika, liondolewe na watu wenye leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mazingira.

KUSOMA NYUFA ZA UKUTA

Si kila ufa ni wa kuogopesha. Ufa mwembamba kama unywele ulio katika lipu peke yake hutokana na lipu kukauka, nao hufunikwa wakati wa kupaka rangi. Ufa wa kuangaliwa ni ule unaopita katika viungo vya mawe kwa ngazi, ukianza pembe ya dirisha au mlango na kupanda kwa mshazari. Ufa wa namna hii, hasa ukiwa mpana juu na mwembamba chini, waonyesha kwamba upande mmoja wa nyumba unazama. Dalili nyingine ni mlango uliokuwa ukifungwa vizuri ukaanza kukwama, na sakafu iliyoachana na ukuta.

Iko njia rahisi ya kujua kama ufa unaendelea. Twaa kipande chembamba cha kioo, kibandike kwa saruji juu ya ufa kushika pande zote mbili, na uandike tarehe kando yake. Kioo kikivunjika baada ya miezi michache, ukuta unatembea. Hapo usizibe ufa kwa saruji ukadhani kazi imekwisha, kwa maana utakuwa umeficha ugonjwa bila kuutibu. Tafuta kwanza maji yanatoka wapi. Jioni, funga mabomba yote, usome mita ya maji, na uisome tena alfajiri kabla ya mtu yeyote kuteka maji. Namba zikiwa zimesogea, kuna bomba linalovuja mahali usipopaona. Chunguza pia shimo la maji machafu, kwani mashimo mengi ya zamani yalichimbwa karibu mno na ukuta. Halafu jenga ukanda wa saruji kuizunguka nyumba, wenye mwinamo wa kuyapeleka maji mbali, hadi mtaroni.

Ufa ukiwa mpana kiasi cha kuingiza ncha ya kidole, au ukizidi kukua, muite mhandisi aliyesajiliwa, na wapangaji wa vyumba hivyo wahamishwe mpaka atoe shauri lake. Nchi hii ni nchi ya matetemeko pia. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko lenye nguvu ya karibu 6.9 lilitokea Subukia, si mbali na Nakuru, nalo ndilo kubwa kuliko yote yaliyopimwa katika Kenya. Ukuta uliolegea hauwezi kungoja siku kama ile.

Tena iko hali ambayo matengenezo hayafai kitu. Tangu mwaka 2010 hivi maziwa ya Bonde la Ufa yalianza kupanda, hata kufikia mwaka 2020 nyumba za Mwariki karibu na Ziwa Nakuru, na za Kihoto huko Naivasha, zikaingiwa na maji. Nyumba iliyokaa ndani ya maji ya ziwa isipangishwe tena kwa sababu tu imekauka na kupakwa chokaa, mpaka msingi wake upimwe.

UNYEVU, HEWA NA UMEME

Nakuru iko juu ya bahari kwa mita 1,850 hivi, na usiku wake ni baridi. Kwa ajili ya baridi wapangaji wengi huziba matundu ya hewa kwa magunia au makaratasi. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, unyevu hukosa pa kutokea, ukuta huota ukungu, na watoto huanza kukohoa. Pili, na hili ndilo baya zaidi, jiko la makaa likiwashwa katika chumba kilichozibwa hutoa hewa ya sumu isiyokuwa na harufu, na watu hulala wasiamke. Mwenye nyumba aweke wavu wa chuma katika matundu hayo yasizibike, na mpangaji asilale kamwe na jiko chumbani.

Nyaya za umeme za nyumba za zamani zilifunikwa kwa mpira. Mpira huo ukizeeka hukauka na kumeguka, na waya hubaki uchi ndani ya ukuta au darini. Tena nyaya hizo zilitiwa kwa ajili ya taa chache, lakini siku hizi hubebeshwa pasi, jokofu na majiko ya umeme. Fyuzi ikikatika mara kwa mara inaleta habari ya hatari. Mtu anayeweka waya mnene mahali pa fyuzi ameinyamazisha habari hiyo, naye huenda akaamshwa na moto. Kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, wala si na kila mwenye koleo.

NANI ALIPE?

Magomvi mengi kati ya wenye nyumba na wapangaji hutokana na kutojua sheria. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yaeleza kwamba nyumba au chumba kinachopangishwa kwa makao sharti kifae kukaliwa na binadamu, tangu siku ya kwanza na muda wote wa upangaji. Ikiwa sehemu tu ya jengo imepangishwa, kama ilivyo katika ploti, basi paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikubwa ya maji machafu, na njia zinazotumiwa na wote, vyote ni juu ya mwenye nyumba. Mpangaji naye apaswa kukitunza chumba, na kukirudisha katika hali aliyokikuta, isipokuwa uchakavu wa kawaida. Kioo kilichovunjwa na mpira wa mtoto wake ni juu yake. Bati lililooza kwa miaka si juu yake.

Mpangaji akiona kasoro, aitoe habari mapema, tena kwa maandishi yenye tarehe, na abaki na nakala. Mwenye nyumba asiichukue barua hiyo kuwa matusi, kwa kuwa mpangaji anayesema mapema anamwokolea mali yake. Ikiwa mwenye nyumba hasikii, na kodi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, shauri laweza kupelekwa mbele ya Baraza la kodi za nyumba lililowekwa na sheria, ambalo lina uwezo wa kumwamuru afanye matengenezo yaliyo juu yake. Kodi ikizidi hapo, shauri huenda katika mahakama za kawaida. Na kama nyumba inaleta hatari ya ugonjwa, Afisa wa Afya aweza kumpa mwenye nyumba amri ya maandishi chini ya Sheria ya Afya ya Umma. Lakini mpangaji asijihukumie mwenyewe kwa kuzuia kodi bila amri, maana sheria humruhusu mwenye nyumba kukamata vitu vyake kwa ajili ya deni.

FEDHA ZITOKE WAPI?

Wengi husema, "Nitatengeneza nikipata." Mtu wa namna hiyo hapati, kwa sababu kodi yote imekwisha kuliwa. Tufanye mfano. Mtu ana vyumba 8, kila kimoja shilingi 4,000 kwa mwezi. Mwezi hupata shilingi 32,000, na mwaka shilingi 384,000 ikiwa vyumba vyote vimejaa. Kwa sheria iliyoanza tarehe 1 Januari 2024, apatae kodi za makao kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa ushuru wa asilimia 7.5 ya kodi yote bila kutoa gharama. Basi mtu huyu hulipa shilingi 28,800. Akitenga kodi ya mwezi mmoja katika kila miezi 12, yaani shilingi 32,000, kwa matengenezo peke yake, bado hubaki na shilingi 323,200. Fedha hizo ziwekwe katika akiba yake mbali, katika benki au chama cha akiba na mikopo. Mwaka ambao hakuna kilichoharibika, zisiguswe, kwani paa zima haliwezi kubadilishwa kwa akiba ya mwaka mmoja.

Aliye na gharama kubwa za matengenezo aweza kuiandikia Mamlaka ya Mapato ya Kenya ili atozwe kwa faida badala ya kodi yote. Hapo stakabadhi za matengenezo humpunguzia ushuru. Lakini aelewe kwamba kutengeneza ni kurudisha kilichokuwapo. Kuongeza chumba au ghorofa ni jambo jipya, nalo halihesabiwi hivyo.

KUMCHAGUA FUNDI

Fundi wa bei rahisi aghalabu huwa ghali baadaye. Mwenye nyumba atake bei kwa maandishi kutoka kwa mafundi wawili au watatu, ikitaja vifaa na siku za kazi. Alipe kidogo mwanzo, sehemu ya pili kazi ikifika nusu, na iliyobaki baada ya kuikagua. Paa likaguliwe baada ya mvua ya kwanza, siyo siku ya jua. Kwa kazi kubwa aulize kama fundi amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2011, na apate kibali cha Kaunti kabla ya kuvunja au kuongeza ukuta wowote. Kujenga ghorofa juu ya msingi uliowekwa kwa ajili ya nyumba ya chini, katika udongo kama wa Nakuru, ni kuchezea uhai wa watu.

Kwa ufupi, kila mwenye nyumba awe na daftari moja kwa kila nyumba yake. Januari aangalie paa na gata. Mvua ya masika ikinyesha, azunguke nyumba aone maji yanakwenda wapi. Mvua zikipungua, asome nyufa, ajaribu mita ya maji na kutazama mashimo. Kabla ya mwaka kwisha, akague umeme, choo na njia za wote. Kila alichokiona na kila alichokilipa akiandike pamoja na tarehe. Mwenye daftari hilo hatashangazwa na nyumba yake, na mpangaji wake ataweza kulala mvua ikinyesha.